Jaribio la Uzito

Westlands, Nairobi
9 Juni 2008

Kaka Kisilu,

Habari za Migwani, na Mzee wako anaendeleaje? Kwenye kifurushi hiki nimeweka dawa zake za presha za miezi miwili, na miwani yako uliyosahau kwenye droo. Kondakta wa basi ameniahidi kukiacha dukani kwa mjomba wako. Ningekupigia simu, lakini najua mtandao unaupata ukipanda mlimani tu, na mambo ya kazi nataka uyasome ukiwa umekaa.

Mashine yako uliyoniachia ofisini imenizoea. Jumapili mama yangu aliniuliza kazi yangu sasa ni ipi, maana alisikia nimepandishwa cheo. Nikamwambia sisi ni watu kumi na mmoja tunaoandika programu moja ya hospitali, kila mtu kipande chake. Zamani vipande tulikuwa tunaviunganisha mwisho wa mwezi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Halafu Kisilu akaweka kompyuta moja ndani ya kabati. Mtu akimaliza kipande chake tu, kompyuta hiyo inaviunganisha vyote upya na kuvipitisha kwenye majaribio mia tatu na arobaini. Yakipita yote, inaonyesha kijani. Likianguka hata moja, inaonyesha nyekundu, na hakuna kinachopelekwa hospitali mpaka kosa lipatikane. Mama akafikiri kidogo, akaniuliza kama basi kazi yangu ni kuangalia rangi. Nikamwambia ndiyo. Akasema nisisinzie.

Kuna jambo moja. Nikipitia mipangilio uliyoniachia, nimeona jaribio moja limefungwa, mashine inaliruka. Ni lile linalohakikisha kwamba uzito ulioandikwa kwa mgonjwa mmoja haumwangukii mwingine. Limefungwa tangu Januari, kwa lile jina la kuingilia tunalotumia sote, kwa hiyo sijui aliyelifunga ni nani. Bosi wetu Muigai anataka wodi ya watoto ianze kutumia programu mwezi wa saba, na dawa za watoto hupimwa kwa uzito. Nilifungue?

Msalimie Mzee. Mwambie mimi, mtoto wa Mbooni, namwombea.

Dadako,
Munyiva


Migwani
21 Juni 2008

Dada Munyiva,

Kifurushi kimefika na hakuna kilichopungua. Mzee anakushukuru, ingawa shukrani yake siku hizi ni kuinua mkono wa kushoto tu. Wa kulia bado umelala tangu alipoanguka, na maneno hayatoki vizuri. Namlisha uji asubuhi, namtoa uani, namrudisha jua likikaza. Sikujua kwamba siku inaweza kujaa kwa kazi chache hivyo.

Mama yako ameieleza kazi hiyo vizuri kuliko nilivyowahi kuieleza mimi. Hakikisha kabati haliwi na joto, na kila Ijumaa utoe nakala ya kumbukumbu za mashine uiweke mbali na ofisi. Usikubali mtu yeyote, hata Muigai, apeleke kitu hospitali bila kijani.

Kuhusu jaribio la uzito, liache hivyo hivyo. Ni kigeugeu. Leo linapita, kesho linaanguka, na hakuna aliyegusa kitu. Nililichunguza kabla sijaondoka nikaona shida ni saa ya ile mashine, si programu yetu. Ukilifungua utashinda na nyekundu kutwa, na watu wakishaizoea nyekundu hawaiogopi tena.

Mvua ilitupita mwaka huu. Tunangoja ya Novemba.

Kakako,
Kisilu


Kangemi, Nairobi
3 Septemba 2008

Kaka Kisilu,

Nakuandikia kutoka nyumbani na kwa mkono, kwa sababu barua pepe za ofisini sasa zinasomwa na wakili. Soma hii ukiwa peke yako.

Tarehe 14 Agosti mtoto wa miaka minne anayeitwa Awiti alilazwa na maambukizi ya damu katika ile wodi ya watoto. Muuguzi aliyempokea anaitwa Carolyne. Alimpima, akapata kilo kumi na nne, akaandika kumi na nne kwenye karatasi, akaingiza kwenye programu yetu. Programu ikahifadhi arobaini na moja. Famasia ikatengeneza sindano kwa kufuata lebo iliyotoka kwenye programu, na kwa siku sita mtoto akadungwa kipimo cha karibu mara tatu ya kile kilichomfaa. Ni ile dawa ambayo ikizidi huua masikio.

Homa iliisha. Aliporudi nyumbani, mama yake alimwita akiwa nyuma yake, na mtoto hakugeuka.

Hospitali inasema Carolyne aligeuza tarakimu. Kumi na nne, arobaini na moja, nani asiyeona? Wamemsimamisha kazi, na kamati itakaa tarehe 7 Oktoba kuamua kama jina lake litapelekwa kwenye baraza la wauguzi ili anyang'anywe leseni. Muigai alituita sote chumba cha mkutano akasema kosa ni la muuguzi, tusiongee na mtu, sala zetu ziwe na familia. Nilitaka sana kumwamini.

Lakini nilikumbuka jaribio. Nikalifungua, nikaiagiza mashine iliendeshe mara mia mbili mfululizo. Lilianguka mara kumi na nne. Nikafuatilia kila anguko. Wauguzi wawili wakifungua faili mbili kwa wakati mmoja kabisa, uzito wa yule wa kwanza unamwangukia wa pili. Si saa ya mashine, Kisilu. Ni programu yetu. Nikaangalia faili za siku ile: Carolyne alipofungua faili ya Awiti, katika sekunde hiyohiyo kwenye wodi ya jirani ilifunguliwa faili ya kijana wa miaka kumi na miwili. Kilo zake ni arobaini na moja.

Jana nilimwonyesha Muigai. Alizisoma kumbukumbu zote. Kisha akaniambia nizime mashine, nifute kumbukumbu zote, niipange upya kama mpya. Sauti yake haikuwa ya hasira. Alisema, "Hii ofisi inalisha nyumba kumi na moja, Munyiva. Na masikio ya yule mtoto hayatarudi."

Sijafuta. Nimemwambia kazi hiyo inahitaji wiki chache.

Uliniandikia kwamba ulilichunguza jaribio hilo. Labda kuna kitu ulikiona ambacho mimi sikioni. Niambie ulichokiona. Nina lawama zangu pia: kuliendesha mara mia mbili kulinichukua asubuhi moja. Ningeweza kufanya hivyo mwezi wa sita.

Munyiva


Migwani
12 Septemba 2008

Dada Munyiva,

Nimesikitika sana kwa habari za mtoto huyo. Mungu awape wazazi wake nguvu.

Huku Mzee amekuwa na wiki mbaya. Hamezi vizuri, na daktari wa zahanati anasema tumpeleke Mwingi. Kichwa changu hakijatulia, kwa hiyo nitasema machache. Usifanye haraka. Muigai ana njia yake, lakini si mtu mbaya. Alininunulia tiketi ya basi siku Mzee alipoanguka, na mshahara wangu hakuukata. Kamati za hospitali huwa na huruma kwa wauguzi, hawana wauguzi wa kutosha. Huenda wakampa onyo tu yakaisha.

Kuhusu kufuta au kutofuta, wewe ndiye uliye hapo. Sitaki kukuamulia nikiwa mbali.

Tuombeane.

Kisilu


Kangemi
17 Septemba 2008

Kisilu,

Nilikuuliza ulichokiona, hukunijibu.

Jana nilikwenda kumwona Carolyne kwake Kawangware. Nilijitambulisha kuwa natoka kampuni ya programu, akanikaribisha chai. Haniombi chochote. Ameanza kuamini kwamba aligeuza tarakimu kweli. Aliniambia kila akifumba macho anaiona mikono yake ikiandika, na mara inaandika kumi na nne, mara arobaini na moja. Ana miaka kumi na tisa kazini. Nilikunywa chai yake nikaondoka bila kusema.

Nimesoma kumbukumbu za mashine, zile ulizoniambia nitoe nakala kila Ijumaa. Jaribio lilifungwa Ijumaa, tarehe 11 Januari, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Unaikumbuka wiki ile ya vurugu za uchaguzi. Mimi nilikuwa Mbooni, barabara hazikupitika. Daftari la mlinzi wa jengo linaonyesha kwamba katika ghorofa yetu aliingia mtu mmoja tu siku hiyo.

Sikuandikii kukushtaki. Ulinifundisha kazi hii nikiwa sijui hata kuwasha seva. Nataka tu uniambie mwenyewe, ili nisije nikalisoma jina lako mbele ya kamati kutoka kwenye daftari la mlinzi.

Munyiva


Hospitali, Mwingi
26 Septemba 2008

Munyiva,

Ni mimi.

Nakuandikia nikiwa kando ya kitanda cha Mzee. Nitaeleza kila kitu, na barua hii unaweza kumwonyesha yeyote.

Wiki ile ya Januari nilitembea kutoka Uthiru mpaka Westlands, barabara nzima ya Waiyaki tupu, maduka yamefungwa, askari kila mahali. Hospitali ilikuwa inapokea majeruhi wengi kuliko walivyoweza kuwaandika vitabuni, na walikuwa wanaomba programu ianze mara moja. Muigai alinipigia akasema nikipata kijani siku hiyo, wanaipokea siku hiyo. Sehemu zote zilikuwa tayari. Jaribio moja tu lilikuwa linaanguka. Nikaliendesha tena, likapita. Nikaliendesha mara ya tatu, likaanguka. Nilijua maana yake, Munyiva. Jaribio likiwa hivyo, kuna kitu. Mimi ndiye niliyewafundisha ninyi nyote hivyo.

Nikasema nalifunga leo, Jumatatu nalichunguza. Nikalifunga. Mashine ikawa kijani, na nilijivuna, nakiri. Nilifikiri nimewasaidia watu waliokuwa wanavuja damu, na huenda kweli niliwasaidia baadhi yao. Jumapili Mzee akaanguka, nikapanda basi.

Hilo lingeweza kusameheka. Lisilosameheka ni la Juni. Uliponiuliza, nilikuwa na miezi mitano ya kukumbuka. Niliketi uani na barua yako mkononi, nikajua kwamba nikisema "lifungue" utafuatilia mpaka siku yenyewe na utajua ni mimi. Mwalimu wako. Basi nikakuandikia kwamba nililichunguza. Sikuwahi kulichunguza hata dakika moja. Niliyaandika maneno hayo kwa mwandiko mzuri kabisa, kisha nikaenda kumlisha Mzee uji. Na juzijuzi nilikuandikia tena habari za huruma za kamati, nikijua.

Usifute kitu. Nitakuja mwenyewe tarehe 6, na kesho yake nitasimama mbele yao. Dada yangu atakaa na Mzee.

Kisilu


Kangemi
11 Oktoba 2008

Kaka Kisilu,

Pole. Pole sana. Ujumbe wa dada yako ulinifikia Jumapili jioni, kwamba Mzee ametutoka Jumamosi. Nilisema hutaweza kuja, na sikutaka uje. Mtoto wa kiume hamwachi baba yake chumba cha maiti aende kukaa kikao. Ningekuwa nimeshafika huko kuwafariji kama si haya nitakayokueleza.

Jumanne niliingia mbele ya kamati. Walikuwa watu sita, na Muigai ameketi upande mmoja na wakili, Carolyne upande mwingine peke yake na Biblia. Niliwaeleza mashine ni nini, kama nilivyomweleza mama yangu. Nikawaonyesha kumbukumbu, yale maanguko kumi na manne, faili mbili zilizofunguliwa sekunde moja. Wakili akaniuliza ni nani aliyethibitisha kwamba jaribio lilifungwa kwa makusudi na si kwa bahati mbaya. Hapo nikatoa barua yako, nikaisoma yote. Sikuruka hata sehemu ya Juni. Wameichukua. Sina nakala.

Ilipoisha, Carolyne hakulia wala hakufurahi. Alinyoosha mikono yake mezani akaitazama. Wamemrudisha kazini tangu Alhamisi. Hospitali imeizima programu yetu kwenye wodi zote mpaka irekebishwe, na itazungumza na familia kupitia mawakili. Muigai aliningoja kwenye ngazi. Nilidhani atanitukana. Akasema nisirudi ofisini, vitu vyangu vitaletwa nyumbani. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyempigia simu siku ile. Mbona hukulisoma hilo kwa sauti?" Nikamwambia nililisoma. Akasema hakusikia. Nadhani kweli hakusikia.

Mawakili walituonya tusiende kwa familia. Jana nilikwenda. Mama Awiti anasuka nywele Kenyatta Market, upande ule wa saluni ambako moshi wa nyama choma hauishi. Nilimsubiri amalize mteja, nikamwambia mimi ni nani na nini kilitokea. Hakunikatiza. Mikono yake iliendelea kupanga nywele za bandia kwa rangi, nyeusi huku, kahawia kule. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Huyo mwenzako alijua tangu lini?"

Nilitaka kusema Januari, kwa sababu Januari ina sababu zake. Nikasema, "Nilimwuliza mwezi wa sita. Akaniambia niache. Na mimi nikaacha."

Akasema, "Awiti aliingia hospitali mwezi wa nane."

Nikasema ndiyo.

Akamketisha mteja mwingine. Akaanza kumchana. Akaniambia bila kunitazama kwamba ukimaliza kumzika baba yako, uje. Nikamwambia huenda mawakili wasikubali. Akasema yeye hajawaita mawakili, amekuita wewe.

Nimeufikisha ujumbe. Kesho naenda Mbooni kupumzika kwa mama.

Munyiva


Uthiru, Nairobi
22 Novemba 2008

Dada Munyiva,

Tulimzika Mzee vizuri. Mvua ilianza siku hiyo hiyo, na watu walisimama kaburini wakilowa bila kulalamika, maana tuliingoja sana. Nimefikia kwa binamu yangu hapa Uthiru.

Jumatano nilikwenda kwanza kwa Muigai. Walikuwa wamebaki watu sita. Jaribio la uzito limefunguliwa na mashine ilikuwa nyekundu kwa siku ya tisa, na hakuna aliyeizima wala kuifunika. Wanaandika upya sehemu yote ya faili za wagonjwa. Aliniomba nibaki niwasaidie bila cheo. Nilimwambia kuna mahali napaswa kwenda kabla sijamjibu.

Nilifika Kenyatta Market saa nne asubuhi. Mama Awiti alinionyesha kibao cha kukalia, akaendelea kusuka. Nilikaa hapo mpaka saa saba. Wanawake waliingia na kutoka, wengine wakanisalimia wakidhani namsubiri mke wangu. Sikuwa na la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, na kwa saa hizo tatu yakaniisha moja moja.

Alipomaliza, akanawa, akaketi mbele yangu, akaniambia niseme. Nikasema ya Januari, nikasema ya Juni. Sikutaja ugonjwa wa Mzee. Alisikiliza, halafu akaniambia jambo ambalo nakuandikia wewe ili nisilibebe peke yangu. Alisema tangu mwezi wa nane alikuwa akiamini kwamba ni yeye. Kwamba siku ile ya kwanza alingoja mpaka amalize kichwa cha mteja ndipo ampeleke mtoto hospitali, na homa ndiyo iliyokula masikio. Madaktari walimwambia ni dawa, lakini hakuamini. "Kila nikishika chanuo nilikuwa nawaza hicho kichwa," alisema. "Saa mbili nzima nilimsuka yule mama, na mtoto amelala hapo chini ya meza."

Nikamwambia hazikuwa zile saa mbili. Akasema anajua sasa. Akasema hanisamehi, na nisimwombe. Sikuwa nimeomba.

Kisha akamwita jirani amlete Awiti. Ni mtoto mwembamba, nywele zimesukwa mistari mizuri. Mama yake akamketisha kwenye kibao kilekile alichokuwa amekalia yeye, akaniambia, "Sasa mwambie mwenyewe."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa akitania. Basi nikamwambia Awiti jina langu, na kazi yangu, na nilichofanya, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka minne angeyaelewa kama angeyasikia. Alinitazama mdomo tangu mwanzo mpaka mwisho, na uso wake haukuhama. Nilipotaka kuinama, mama yake alinigusa goti niendelee kumtazama.

Nilipomaliza, Awiti alimgeukia mama yake na kuinua mabega, akiuliza. Wameanza shule ya viziwi, wote wawili, na ishara bado ni chache. Mama Awiti alifikiri, akafanya ishara mbili kwa vidole, polepole, akarudia. Mtoto akatikisa kichwa kukubali, akashuka kwenye kibao, akaenda kucheza.

Nilimwuliza amemwambia nini, kwa sababu nilihofia na nilitaka kujua.

"Sina ishara za hayo yote uliyosema," akanijibu. "Nimemwambia umekuja."

Kakako,
Kisilu